Gumba linakwama kwenye tundu la mpira wa bolingi

Mtupaji: Wakuu, katika bolingi (mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini) gumba linachelewa kutoka ninapoachia mpira, na ngozi ya shinani inachubuka. Nikipanua tundu, mpira unanichoropoka. Nifanyeje?

Fundi Matundu: Usipanue kwanza. Ingiza gumba lote, kisha vidole viwili kwenye matundu yake. Kiganja kikivutika kama ngozi ya ngoma, umbali kati ya tundu la gumba na matundu ya vidole ni mrefu mno. Hapo gumba litakwama hata tundu liwe pana. Umbali ukiwa sawa, lainisha ukingo upande wa kiganja: msasa namba 220 uliozungushwa kwenye kijiti, halafu 400. Piga kidogo, jaribu, rudia. Kilichoondoka hakirudi.

Dada Pini: Naongezea: gumba huvimba kadiri mchezo unavyoendelea. Tundu litoshe gumba lililovimba, kisha mwanzoni punguza nafasi kwa vipande vya tepu laini upande wa ukucha, kama nusu sentimita chini ya ukingo. Likianza kubana, bandua kimoja.

Fundi Matundu: Kweli kabisa. Ukizungusha gumba, liguse kuta bila kubanwa. Ukilazimika kukunja kifundo ili mpira usidondoke, tundu limelegea, na kukunja huko ndiko kunakolikwamisha gumba.