Makaa ya makapi ya miwa: joto limepanda, mbona kasoro nazo zimepanda?

Makapi_Ksm
Hamjambo wakuu. Makapi ya Muhoroni, yamechomwa kwenye tanuri la bomba chini ya argoni, saa moja kwa 700°C na fungu jingine kwa 1,000°C. Raman (kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli) ya leza ya 532 nm inatoa uwiano wa D (kilele kinachohusishwa na kasoro) kwa G (kilele cha kaboni zilizoungana katika tabaka) wa 0.85, kisha 1.05. Si joto lingepunguza kasoro? Au hewa iliingia? Na mashine ya leza ya kukatia mbao yaweza kumalizia kazi?

FundiTanuri
Hewa ingeingia ungekuta majivu juu na uzito umeanguka. Shida iko kwenye kusoma kipimo. D, karibu 1,350 cm⁻¹, hutokana na pete za kaboni sita zinazotanuka na kusinyaa pamoja. Kwa 700°C pete hizo bado chache. Joto likiziongeza, D nayo hupanda. Ferrari na Robertson walilieleza mwaka 2000: vipande vya tabaka za kaboni vikiwa chini ya takriban nanomita 2, uwiano hupanda kadiri vinavyokua, vikipita hapo ndipo hushuka. Pima upana wa G. Ukiwa umepungua, mpangilio umeboreka, D iseme itakavyo.

Ila usiote grafiti, yaani kaboni yenye tabaka zilizonyooka na kupangika. Makapi hayapitii hali ya kuyeyuka yanapoungua, kwa hiyo tabaka hufungamana ovyo na hata 3,000°C haizinyooshi vizuri. Kuna njia ya kloridi ya chuma, ya kusaidia tabaka kujipanga: loweka, kausha, choma 900 hadi 1,000°C, kisha osha chuma kwa asidi ya haidrokloriki.

Nyamasaria
Kabla ya hayo yote, hakikisha leza ya Raman yenyewe haichomi sampuli. Unga mweusi hunywa mwanga wote. Pima mahali pamoja kwa miliwati 0.1, kisha 0.5, kisha 1, halafu rudi 0.1. G ikihama kwenda cm⁻¹ ndogo halafu ikarudi, ni joto tu. Isiporudi, au D ikibadilika, umeiunguza, punguza nguvu. Wala usilinganishe uwiano wa 532 na wa 785 nm: D hukua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, kwa sampuli ileile.

FundiTanuri
Hilo la miliwati ndilo watu huliruka.

Stima_Imepotea
Leza ya mbao mara nyingi ni ya kaboni dioksidi, mikromita 10.6. Ukiipiga kwenye unga hewani, inaunguza kingo na kukuongezea kasoro. Lazima chemba ya argoni, na dirisha la zinki selenaidi. Kioo cha kawaida hakipitishi wimbi hilo.

Kuhusu tanuri: kidhibiti cha gesi cha umeme kwa kawaida hufunga vali stima ikikatika. Bomba likipoa, gesi ndani husinyaa na kuvuta hewa, makaa yakiwa bado mekundu. Weka kipimo cha mtiririko cha kuelea, cha mkono, na chupa tupu kabla ya chupa ya mafuta ambamo gesi hutokea, mafuta yasirudi bombani. Pitisha argoni nusu saa kabla ya kuwasha, panda 5°C kwa dakika, na usifungue mpaka ishuke chini ya 100°C.

Makapi_Ksm
Upana wa G: 98 cm⁻¹ kwa 700°C, 81 kwa 1,000°C. Miliwati ilikuwa 5. Narudia kwa 0.5.