Umewahi kusafiri barabara nzima ukiwa umekaa kitini? Tupeane uzoefu

Mla_Bando: Wakuu, habari za jioni. Watoto wakishalala mimi nafungua Google Street View, zile picha za barabarani kwenye ramani ya Google, naingia barabarani. Sasa hivi niko Nairobi–Mombasa. Nimeanzia Mlolongo, nikapita Sultan Hamud, Emali, Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, na sasa nakaribia Mtito Andei. Mbofyo mmoja unakusogeza kama mita 10, na njia yote ni kama kilomita 480. Ukisema usiruke hata hatua, hiyo ni mibofyo 48,000. Mimi naruka, sijafikia ukichaa huo.

Raha yake ni vituko. Kuna lori la kontena nimelifuata weee, namba zimefutwafutwa, utingo ametoa kichwa dirishani na uso hana. Nikabofya tena: lori hakuna, na lami iliyokuwa imelowa mvua imekauka. Kumbe kuanzia hapo ni picha za siku nyingine.

Haya, leteni na za kwenu.

Dereva_Malaba: Ndugu, hiyo barabara ndiyo ofisi yangu. Nilimwonyesha mke wangu Mtito tunapoegesha magari usiku. Akazungusha picha pole pole, akauliza, "Na hivi vibanda vya huku nyuma ni vya nini?" Nikamwambia chaji imeisha 😂

Ila hizo picha ni za mchana. Njoo saa nane za usiku, lori mbele, lori nyuma, na basi linakupita kwenye kona.

Bintiyepwani: Mie niko Ohio, na njia yangu ni hiyo hiyo. Nikifika Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, nasimama. Tulipokuwa wadogo gari halipiti pale bila kusimama. Basi na mie nasimama, nasoma Fatiha, ndio nabofya tena. Wanangu hunicheka mpaka machozi. Mazeras nikiona minazi, nishafika kwetu.

Mrombo_halisi: Mnafaidi nyie. Mimi nilitaka kutoka Nairobi niende zangu Moshi. Namanga hiyo hapo, mstari wa bluu unaoonyesha palipo na picha ukakatika! Huku Tanzania Bara gari la kamera la Google lilikuwa halijapita. Cha ajabu, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, picha zipo tangu 2013, watu walipanda na kamera na kistendi chake cha miguu mitatu. Yaani Uhuru nafika, nyumbani sifiki.

Kijiwe66: Mimi Route 66, ile barabara ya zamani ya Marekani, Chicago hadi Santa Monica. Barabara hiyo ilifutwa rasmi 1985, kwa hiyo ukiiachia ramani inakupeleka barabara kuu mpya isiyo na chochote. Vipande vya zamani vitafute mwenyewe. Amarillo, Texas, utakuta magari kumi ya Cadillac yamefukiwa shambani, pua chini mikia juu, yamepakwa rangi kila aina. Baada ya pale ni nyasi na nguzo za umeme. Nilisinzia.

Mchezaji_ramani: Mla_Bando, inamisha picha utazame gari la kamera lenyewe. Utaona bomba jeusi la kuvutia hewa limesimama pembeni. Sisi wa GeoGuessr, mchezo wa kubahatisha picha ni ya wapi, tukiliona tu, tunajibu Kenya kabla hata ya kusoma kibao.

Mla_Bando: Duh, lipo kweli! Siku zote hizi nilidhani ni nguzo.

Dereva_Malaba: Ukifika Mariakani kwenye mizani, pita bila kusimama. Unipitie na mimi.