Mzee anafanyiwa upasuaji wa moyo mwezi ujao, auandaeje mwili?

Wakuu naombeni ushauri, mzee wangu anabadilishwa valvu (kile kilango cha moyo kinachoongoza damu), wanafungua kifua kabisa. Siku hizi anashinda kitandani eti anatunza nguvu, ni sawa kweli?

mjukuu_wa_bibi: Pole mkuu. Kulala tu kunamaliza misuli, ila kwa valvu msimwanzishie mazoezi kabla daktari hajasema kiasi gani. Akiruhusiwa atembee mdogomdogo, kifua kikibana au akisikia kizunguzungu aache hapo hapo. Na sigara kama anavuta aache leo, asingoje wiki ya mwisho.

Nesi mstaafu: Mfundisheni kuinuka kwenye kiti bila mikono, asogeze makalio mbele, miguu irudi nyuma kidogo, ainame ndo anyanyuke. Mfupa wa kifua ukishakatwa unafungwa kwa waya na kuunga kunachukua kama wiki 6 hadi 12, kipindi hicho kujisukuma na mikono madaktari hawataki kabisa. Pia ajizoeshe kuvuta pumzi ndefu na kukohoa amekumbatia mto.

kaka_mkubwa: Meno jamani! Bakteria wa jino bovu wanaingia kwenye damu wanaenda kukaa kwenye valvu mpya, akaonwe mapema.

Muuliza swali: Duh, kuna gego linamsumbua kitambo. Kesho naanza na hilo, asanteni.