Operesheni ya kansa ya koo, wanajuaje hatari?

Nyar Nyalenda: Habari zenu wadau, baba yangu ana 67, kansa ya koromeo, alishapigwa miale mwaka jana ikarudi, sasa wanataka kutoa sanduku la sauti lote. Daktari amesema hatari yake "iko juu kidogo" akaenda. Juu kidogo ni ngapi jameni? Wanapimaje?

Mkaazi wa Milimani: Pole sana dada. Kuna gredi za ASA (chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani), 1 mpaka 6, zinaangalia tu mwili uko aje kwa jumla, presha, sukari, moyo. Pia kuna kikokotoo cha American College of Surgeons (chama cha madaktari wa upasuaji), wanaingiza umri, sigara, sukari na aina ya operesheni inatoa asilimia. Lakini ni data ya Marekani, na kwa operesheni kubwa za shingo imeonekana si ya kutegemea sana, so usiishike kama hukumu.

Nesi Nakuru: Mimi hiyo miale ndio ingenipa wasiwasi. Nyama ikishapigwa miale damu haifiki vizuri, kidonda kinachelewa, mate yanaweza kutoboa njia yakatokea shingoni. Uliza albumini (protini ya kwenye damu) na damu yake ni ngapi. Amepungua kilo? Mzee akipoteza zaidi ya 10% kwa miezi sita lazima alishwe kwanza, hata kwa mpira wa puani. Sigara je?

Nyar Nyalenda: Amepungua sana, uji tu ndio unapita. Sigara bado anaficha.

Nesi Nakuru: Mwambie daktari hayo yote kesho, usingoje kliniki.