"Umeme upo" si jibu! Wa mwisho wa laini Tabora tunadai volti, si taa kuwaka

Wakuu, hili jibu limetuchosha. Mtu akiripoti TANESCO kwamba umeme ni mdogo anaulizwa, "Taa zinawaka?" Zinawaka. "Basi umeme upo." Imeisha hiyo.

Tangu lini taa ikawa kipimo? Balbu nyingi za LED zinavumilia kuanzia volti 100 hivi, chaja ya simu 100 mpaka 240, na runinga za siku hizi ni hivyo hivyo. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na kiwango cha kimataifa, IEC 60038, kinaruhusu asilimia 10 juu au chini, yaani 207 mpaka 253. Zikishuka mpaka 170 saa mbili usiku, taarifa ya habari utaangalia vizuri tu huku friji inakufa jikoni. Mota inapoanza kuzunguka, nguvu yake hufuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kwa 170 inabaki kama asilimia 55. Kompresa inagoma, inavuta ampea nyingi, kinga inakata: tik. Dakika chache, tik tena. Mwisho waya za ndani zinaungua, halafu fundi anakuambia gesi imeisha.

Volti zinapotelea wapi? Piga hesabu mwenyewe. Waya wa aluminiamu wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa omu 0.641 kwa kilomita. Weka mita 600 kutoka transfoma, fezi moja (waya unaoleta umeme) ibebe ampea 40 mpaka mwisho, na nyutro (waya wa kurudi) irudishe hizo hizo 40: 0.641 × 0.6 × 2 × 40, unapata volti 31 zilizobaki njiani. Waya ukiwa wa 25 (omu 1.20), zinapotea 58, na 230 inakufikia ikiwa 172. Hapo waya wa kuingia nyumbani bado hatujaugusa.

Sasa itazameni hiyo "× 2". Nyumba zikigawanywa sawa kwenye fezi tatu, nyutro inabaki karibu tupu na hasara inashuka nusu au zaidi, bila kununua hata mita moja ya waya! Lakini mteja mpya akija, anaungwa kwenye fezi iliyo karibu na mkono wa aliyepanda nguzo. Baada ya miaka fezi moja imeelemewa, nyingine inapunga upepo. Ndiyo maana jirani wa ng'ambo ya barabara ana 235 na wewe una 180.

Transfoma nayo ina kikomo. Yenye uwezo wa kVA 100 inatoa ampea 144 kwa kila fezi. Saa za jioni kila nyumba ikivuta kilowati moja tu, fezi imejaa kwa nyumba 33. Halafu hapo hapo kuna mashine ya kusaga ya kilowati 15 inayowashwa moja kwa moja, na inapoanza inaweza kuvuta mara sita ya ampea zake za kawaida. Staa-delta, swichi ya kuiwasha mota kwa hatua mbili, ingeshusha hizo hadi theluthi, lakini nani anamkagua mwenye mashine?

Linaloniudhi kuliko yote ni "nunua stabilaiza", kile kifaa cha kuinua volti nyumbani. Stabilaiza haizalishi umeme! Mzigo wa wati 1,000 kwa volti 230 unavuta ampea 4.3. Stabilaiza ikiuinua kutoka 170, inavuta 5.9 kwenye laini, ukiacha inachokula yenyewe. Ampea hizo zinamshushia jirani volti, naye anakwenda kununua yake.

Dawa nyingine ya mkato ni kupandisha tepu ya transfoma, yaani swichi yake ya kurekebisha volti inazotoa. Hatua moja kwa kawaida ni asilimia 2.5, karibu volti 6. Jioni mnapumua kidogo. Saa tisa usiku mzigo umeisha, na aliye jirani na transfoma anasukumiwa 250 na ushee.

(Na 230 yenyewe ni suluhu ya makaratasi. Uingereza ilikuwa 240, nchi nyingi za Ulaya bara 220. Mwaka 1995 Uingereza iliandika 230 na kupanga mipaka ya kutosha kutobadilisha mitambo. Ila kwao mipaka inaheshimiwa.)

Kabla ya kulalamika, pima. Maltimita iweke kwenye AC, kipimo cha 600 au 750. Pima kwenye meinswichi saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, siku saba, uandike. Kisha washa birika ukapime kwenye soketi yake: meinswichi ikisoma 215 na soketi 195, ubovu ni wa waya zako, usimsingizie mtu. Pima pia kati ya nyutro na ethi (waya wa ardhini). Ikivuka volti 20, shuku nyutro.

Taa za nyumba moja ziking'aa kupita kiasi huku za jirani zinafifia, nyutro ya laini huenda imekatika, na volti kwako zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima meinswichi hapo hapo, kisha ndiyo upige simu.

NYONGEZA: Mnaouliza cha kudai, waandikieni TANESCO barua mkiambatanisha vipimo. Dai la kwanza ni kusawazisha fezi, la pili kukaza na kubadilisha viungio vya nyutro, la tatu transfoma ya pili katikati ya laini. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkipuuzwa, ndiyo mtakayoipeleka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Hapa wekeni mtaa, saa, volti na idadi ya nguzo kutoka transfoma. Namba za mita msiweke.