MREJESHO: Besi iliyokuwa inavuma ukumbini

Wakuu, niliuliza kuhusu gitaa langu la besi, aina ya Jazz Bass, kuvuma kila nikilichomeka kwenye mikisa za kumbi za hapa Dodoma. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kutumia kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na mikisa): nilipobonyeza swichi yake ya kukata ethi (muunganisho wa ardhini) kwenye waya wa sauti, ule mvumo wa umeme wa hezi 50 ukaisha palepale. Ethi ya plagi ya amplifaya sikuigusa kabisa. Aliyesisitiza hilo Mungu ambariki, maana kuing'oa kunaweza kuua mtu. Jumamosi tumepiga harusi Area C, besi imetoka safi, mpaka mpiga drams kauliza kama nimenunua gitaa jipya!

Karibu na taa za jukwaani gitaa bado linanguruma nikitumia pikapu moja (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi). Nikizifungua zote mbili sawasawa, linatulia. Foili ya shaba ya kuziba ndani ya gitaa ili kupunguza mngurumo huo sijaipata mjini.