Neno "board" la Kiingereza: tulibebe kama "bodi", tuseme "ubao", au tuligawe?

MfasiriTanga (mwanzisha mada)

Salaam wana jamvi. Katika tafsiri za mikataba, shule, hoteli na vifaa, neno "board" halikosekani, na kila likitokea lina maana nyingine: board of directors, boarding school, half board, on board, motherboard, starboard. Naona wafasiri wanatumia njia tatu:

1. "Bodi" kila mahali.
2. "Ubao" kila panapowezekana.
3. Kuligawa, kila maana na neno lake.

Naomba tuzilinganishe kwa vigezo hivi: msomaji aelewe bila kuuliza, neno lisigongane na lingine lenye kazi yake, na likubali ngeli zetu. Leteni mifano ya mahali kila njia inapokwama.

---

MziziWaNeno

Njia ya tatu, lakini kwanza tuone linagawanyika wapi, maana haligawanyiki ovyo. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na "bord" mbili zilizokuja kuungana. Moja ni ubao, kipande cha mti kilichopasuliwa bapa. Ya pili ni ukingo au ubavu, hasa ubavu wa chombo cha baharini. Ukizitenganisha hizo mbili umemaliza nusu ya kazi.

Ile ya ubao ndiyo iliyozaa zaidi. Katika kumbi za zama za kati watu walilia chakula juu ya mbao ndefu zilizolazwa juu ya vigoda vya miguu, na wakishakula zinaondolewa. Kwa hiyo "board" ikawa meza. Kutoka meza ikawa chakula kinachowekwa mezani: "bed and board" ni kitanda na chakula. Upande mwingine ikawa meza ya shauri, halafu wale wanaoizunguka, na hapo ndipo ilipotoka board of directors. Kinorwe na Kiswidi hadi leo "bord" ni meza. Kiholanzi "bord" ni sahani. Waingereza walipopokea "table" kwa Wafaransa, "board" ikaachia kazi ya meza ya kila siku lakini ikabaki na maana zile za pembeni. Na hiyo "table" nayo inatokana na "tabula" ya Kilatini, ambayo pia ni ubao!

Kwa hiyo ukikutana na "board", uliza: hapa ni ubao, ni meza, au ni ubavu? Jibu likipatikana, neno la Kiswahili mara nyingi linajileta lenyewe.

---

SeremalaMkuu

Kwenye mbao na vifaa vya ujenzi, karakana imeshatenganisha zamani. Kilichopasuliwa kutoka gogo ni ubao, wingi mbao. Kilichotengenezwa kiwandani kikaja kama shiti ni bodi: chipbodi, hadibodi, silingi bodi, jipsamu bodi. Ukiandika "mbao za jipsamu" fundi atakuelewa, lakini atajua hujawahi kuingia dukani. Shiti ya jipsamu bodi ya kawaida ni futi 4 kwa 8, yaani kama mita 1.2 kwa 2.4, unene milimita 9 au 12.

Mtego mkubwa uko kwenye "board foot" ya Wamarekani. Nimeona ikitafsiriwa "futi ya ubao", na msomaji anadhani ni urefu. Sivyo. Ni ujazo: futi 1 kwa futi 1 kwa inchi 1, sawa na inchi za ujazo 144, au karibu mita za ujazo 0.00236. Hesabu yake: unene kwa inchi, mara upana kwa inchi, mara urefu kwa futi, gawanya kwa 12. Ubao wa 2 kwa 4 wenye futi 12 unatoa 2 × 4 × 12 ÷ 12 = 8. Huku kwetu yadi inauza futi za urefu, kwa hiyo ubao huohuo ni futi 12. Mnunuzi akiagiza futi 1,000 za 2 kwa 4 akimaanisha urefu, na muuzaji akasoma "board feet", inakuja mizigo yenye urefu wa futi 1,500. Andikeni futi ya ujazo wa ubao na mweke maelezo mara ya kwanza inapotokea.

Jambo jingine: 2 kwa 4 ya Marekani baada ya kurandwa ni milimita 38 kwa 89 tu, lakini hesabu ya "board foot" hufuata ile 2 kwa 4 ya jina. Anayepima kwa futikamba atadhani ameibiwa.

---

MwlSarufi

Kwenye shule na hoteli njia ya kwanza inaanguka kabisa. "Room and board" kwenye karatasi za ada za vyuo vya Marekani nimeiona ikiandikwa "chumba na bodi". Mzazi anajiuliza bodi gani hiyo anayoilipia. Ni malazi na chakula, basi. Hotelini vilevile: half board ni malazi, kifungua kinywa na mlo mmoja mkuu, kwa kawaida wa jioni, full board ni milo yote mitatu. Vinywaji mara nyingi havimo, kwa hiyo usiandike "huduma zote".

Boarding school ni shule ya bweni, hakuna ubishi. Ila angalieni jambo moja zuri hapa. Kiingereza kilimtazama mwanafunzi akiwa mezani, Kiswahili kikamtazama akiwa amelala. Neno la Kiingereza linahesabu chakula, letu linahesabu kitanda. Mara nyingi tofauti hiyo haidhuru, lakini katika shule za Uingereza kuna "day boarder", mwanafunzi anayekula shuleni na kurudi kulala kwao. Ukimwita "mwanafunzi wa bweni wa kutwa" umejipinga mwenyewe ndani ya maneno matano. Sema mwanafunzi wa kutwa anayekula shuleni. "Weekly boarder" ni anayelala shuleni siku za masomo na kurudi nyumbani wikendi.

Kwenye mikataba ya nyumba pia: "lodger" ni mpangaji wa chumba, "boarder" ni mpangaji anayelishwa. Ukiwaandika wote "mpangaji", umefuta wajibu wa mwenye nyumba wa kutoa chakula.

---

NahodhaPemba

MziziWaNeno amegusa ubavu, nami niendelee hapo, maana wafasiri wa bara wanaharibu sana huku.

"On board" haina uhusiano na ubao wowote. Ni ndani ya ubavu wa chombo: chomboni, melini, ndegeni. "Overboard" ni kuvuka ubavu: mtu ameanguka majini, shehena imetoswa. "Freeboard" ndiyo nimeona ikiandikwa "ubao huru", na hapo mtu anaweza kufa. Ni kimo cha ubavu kilicho juu ya maji, kutoka mstari wa maji hadi sitaha. Mwongozo ukisema usipakie hadi freeboard ipungue chini ya kiasi fulani, maana yake chombo kitaanza kuingiza maji wimbi likipiga ubavuni. Abiria na baharia lazima waelewe hilo bila kubahatisha.

"Starboard" ilitokana na ubavu wa usukani, kwa kuwa zamani kasia la kuongozea lilifungwa upande wa kulia nyuma. Upande wa kushoto uliitwa "larboard", jina lililofanana mno na mwenzake likipigiwa kelele kwenye upepo, hata mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza likaamuru litumike "port" badala yake.

Sasa kosa letu: kuna wanaoandika "joshini" kwa starboard na "demani" kwa port, kwa sababu ni maneno ya bahari na yanasikika vizuri. Hapana jamani. Joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Chombo kikipindua tanga, pande hizo zinabadilika. Starboard haibadiliki hata chombo kikisimama. Andika kulia kwa chombo ukitazama omo (mbele ya chombo), na kushoto kwa chombo ukitazama omo. Ni ndefu, lakini haimpeleki mtu mwambani.

---

WakalaMizigo

Kuongezea kwa Nahodha, kwa wanaoagiza magari kupitia Dar es Salaam na Mombasa. FOB ni "free on board". Naona "bure kwenye bodi", na mteja anadhani kuna kitu cha bure. Maana yake: muuzaji anabeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe melini katika bandari ya kupakilia. Baada ya hapo nauli, bima na hatari ni za mnunuzi. Andika bei hadi melini, na uitaje bandari, kwa sababu FOB isiyo na jina la bandari haijakamilika.

Ile maana ya ubavu iliishi kwenye biashara hadi juzi. Kanuni za zamani zilisema hatari inahama mzigo unapovuka ukingo wa meli, kwa hiyo sanduku likidondoka kutoka kwenye winchi watu walibishana lilikuwa limevuka au bado. Toleo la 2010 la Incoterms, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, liliuondoa ukingo. Sasa ni mpaka mzigo uwekwe ndani ya meli. Mkataba wa zamani usiutafsiri kwa lugha ya kanuni mpya.

---

MwlSarufi

Swali kwa wote: vipi kuhusu bodi ya watu? Kuna wanaoona "bodi" ni uvivu, wanataka "halmashauri" au "baraza".

---

AfisaUtumishi

Hapo natetea "bodi" kwa nguvu zote. Tanzania "halmashauri" imeshachukuliwa na serikali za mitaa. Ukiandika "halmashauri ya kampuni", msomaji anawaza wilaya. "Baraza" nalo lina kazi: mawaziri, madiwani, mitihani. Bodi ya Wakurugenzi inaeleweka kwa karani na kwa wakili. Bodi ya Kahawa, Bodi ya Korosho, Bodi ya Mikopo: watu wanazisema kila siku, hakuna anayehisi anaongea Kiingereza.

Ila usitafsiri kila "school board" kwa mkupuo. Tanzania shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi ya shule. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatumia bodi ya usimamizi. School board ya Marekani si ya shule moja, ni ya wilaya nzima ya elimu, na kwa kawaida wajumbe wake huchaguliwa kwa kura. Hiyo iite bodi ya elimu ya wilaya, la sivyo msomaji ataona wazazi kumi wamekaa chini ya mwembe na kupanga bajeti ya mamilioni ya dola.

---

FundiSimuKkoo

Wakuu, kwenye simu na kompyuta "bodi" imeshashinda. "Ubao mama" unaonekana kwenye vitabu. Mezani kwa fundi ni bodi. "Bodi imeungua", "bodi imeingia maji." Keyboard ni kibodi, wingi vibodi. Kuna wanaolalamika kwamba "ki-" hiyo si kiambishi. Hata "kitabu" kilitoka Kiarabu kikiwa na "ki" yake, nasi tukakipa "vitabu", na hakuna anayelia.

Dashboard ya gari ni dashibodi. Ya kwanza ilikuwa ubao halisi mbele ya gari la farasi, wa kuzuia tope linalorushwa na kwato.

Angalizo: gereji "bodi" ni kitu kingine kabisa, ni kiwiliwili cha gari, kutoka "body". Kwenye mwongozo wenye zote mbili andika "bodi ya gari" na "bodi ya umeme", usiache "bodi" peke yake. Fundi aliyeambiwa "badilisha bodi" anaweza kupiga bei ya kunyoosha mabati.

---

MziziWaNeno

Hapo kwa FundiSimuKkoo kuna jambo la kufurahisha. "Bodi" ya gari na "bodi" ya wakurugenzi zinafanana kwetu lakini hazina udugu. Ila "bodi" na "boda" wana udugu wa mbali! "Border" ya Kiingereza ilipitia Kifaransa kutoka kwenye "bord" ileile ya ukingo. Kwa hiyo bodaboda, iliyoanza na baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, ni binamu wa starboard.

Na "ubao" wetu haukutoka kwao, ingawa sauti zinakaribiana. Ni wa Kibantu: Kinyarwanda "urubaho", Kiganda "olubaawo", Kikikuyu "mbaũ". Nao umetembea vilevile. Bao la mchezo likawa bao la mpira. Kupiga bao ni kutazamia. Kibao ni cha barabarani, cha kukunia nazi na cha shavuni. Kwa hiyo mwenye kusema Kiswahili hakina maneno yanayopanuka kama "board", aanze na hili.

---

MfasiriTanga

Shukrani sana. Njia ya pili imebaki kwenye mbao za kupasuliwa, ubao wa kufundishia na ubao wa matangazo. "Bodi" inabaki kwa watu, shiti za kiwandani na umeme. Vya mezani na vya ubavuni vyote nimevipa maneno yake.

Imebaki misemo: "above board", "across the board", "go by the board".

---

MziziWaNeno

Usiitafsiri kwa neno. "Above board" ni ya wacheza karata: mikono juu ya meza ionekane. Sema kwa uwazi, bila hila. "Across the board" ilitoka kwenye kamari ya farasi, kuweka dau sawa kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mishahara ikipanda "across the board" ni kwa ngazi zote. "Go by the board" ni mlingoti uliovunjika ukadondoka kupitia ubavuni; mpango wa namna hiyo umeachwa au umetupwa.

---

NahodhaPemba

Na kitenzi "to board" msikisahau. Abiria wanapanda meli. Lakini walinzi wa pwani wakifanya "boarding" kwenye chombo kinachoshukiwa, hawapandi kama abiria. Andika kuingia chomboni kwa ukaguzi, na kama ni maharamia, kukivamia chombo. Ripoti ikisema "maharamia walipanda meli saa nane usiku", mtu wa bima atauliza nani aliwakatia tiketi.